Najibana mwezi mzima lakini akiba siioni, hela inapitia wapi?

sisimizi

Habari zenu wadau, naomba msaada wa mawazo maana kichwa changu kimegota. Mimi najibana jamani, sio kwa maneno, najibana kweli. Taa nazima nikitoka chumbani hata kama narudi sahivi, chaja ya simu nachomoa ukutani, sehemu za karibu naenda kwa mguu, vinywaji vya dukani nimeacha, nguo mpya sikumbuki lini mara ya mwisho, dawa ya meno ikiisha naipasua ile tyubu kwa mkasi nakomba ndani ndo natupa. Mwisho wa mwezi naangalia kwenye akaunti, hamna kitu. Nina jirani yangu anatanua kila wikiendi na yeye hana kitu, tofauti yetu ni kwamba yeye kala raha mimi nimekula shida.

Na mume wangu ameshanibatiza jina, ananiita bahili mbele za watu, eti mwanamke gani anahesabu mpaka njiti za kiberiti. Nimechoka kusemwa kwa kitu ambacho hata faida yake siioni.

Sasa naomba kujua, ni vitu gani ukivibana kweli vinaacha hela na vipi ni kujitesa tu? Mwenye uzoefu aseme anafanyaje hasa, sio zile habari za "punguza matumizi yasiyo ya lazima", hiyo hata mtoto anajua. Kipato chetu mmoja ana mshahara na mwingine (mimi) ni wa kuokoteza, kuna siku inaingia na kuna siku hola.

mpitaji

Tyubu kwa mkasi 😂😂 dada we ni komando. Naweka kiti hapa nawasubiri wataalamu.

FundiNyaya

Mpitaji usicheke, mle ndani ya tyubu huwa kunabaki dawa ya siku kadhaa kweli.

Dada sisimizi mi nitaongelea umeme tu maana ndo kazi yangu, mengine watakuja wenye nayo. Kwa ulivyoeleza unabana vitu vinavyoonekana na unaacha vinavyokula. Taa inawaka unaiona, ndo maana kila mtu anaanza na taa. Lakini fanya hesabu hii, ni nyepesi: chukua wati za kifaa, zidisha na masaa kinayowaka, gawanya kwa 1000, hizo ndo uniti unazolipia.

Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka masaa 5 kila siku kwa mwezi mzima wa siku 30 inakula uniti 1.35. Moja na kitu! Mwezi mzima. Chaja ya simu ndo kabisaa, betri ya simu ya kawaida inabeba kama wati-saa 15 hivi, ukichaji kila siku kuanzia januari mpaka desemba haifiki uniti 10 kwa mwaka. Ile kuichomoa ukutani wakati haina simu ni sawa tu kwa usalama ila hela hapo usiitafute.

Sasa njoo kwenye hita ya bafuni, zile zinazopasha maji hapohapo yakitoka. Nyingi ziko wati 3500 mpaka 5500, angalia kibandiko. Tuseme ya kwako ni 5000, mtu mmoja akioga dakika 10 ni uniti 0.83. Hiyo peke yake ni sawa na ile taa yako ya wati 9 kuwaka masaa zaidi ya 90 mfululizo. Mkiwa watu wanne kila mtu mara moja kwa siku ni kama uniti 100 kwa mwezi, za kuoga tu. Alafu watu hao hao wanagombana nani kaacha taa ya koridoni.

Kanuni yangu nawapaga wateja: kinachotoa joto ndo kinakula. Hita, pasi, jiko la umeme, birika, oveni, drai ya nywele. Vinavyotoa mwanga na sauti vinakula kidogo, isipokua kama bado una balbu za zamani za kioo za wati 60, hizo toa leo maana LED ya wati 9 inatoa mwanga uleule.

Kuna kimoja kinawadanganya wengi, king'amuzi cha tv. Ukizima na rimoti kataa kanabadilika rangi tu, chenyewe kiko macho. Kuna ving'amuzi hasa vya zamani vinakula wati 10 au zaidi hata vikiwa "vimezimwa". Wati 10 usiku na mchana mwezi mzima ni uniti 7.2. Hicho ndo cha kuchomoa dada, chaja iache ipumzike.

Friji nitarudi, nimeitwa saiti.

kalamu_na_daftari

Fundi kaongea vizuri ila hata akiokoa hizo uniti mia sisimizi bado atarudi hapa mwezi ujao na swali lilelile, na nitasema kwanini.

Dada, umetembea kwa mguu badala ya kupanda gari, safi. Ile nauli ambayo hukuilipa iko wapi? Iko kwenye pochi ileile. Jioni unapita sehemu unaona kitu kidogo, unatoa hela kwenye pochi, na unatoa kwa amani kabisa kwasababu moyoni unajua leo umebana. Kwahiyo nauli hukuiweka akiba, uliihamisha tu kutoka kwenye gari kwenda kwenye kitu kingine, na juu yake umechoka miguu. Vivyo hivyo vinywaji, vivyo hivyo nguo. Kubana ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kuitoa ile hela mahali ilipo na kuiweka ambapo mkono haufiki, siku hiyohiyo, ikiwezekana dakika hiyohiyo. Wewe kwa maelezo yako hio nusu ya pili haipo kabisa.

Kuna mchumi wa Marekani anaitwa Richard Thaler, alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2017, moja ya mambo aliyoyachambua ni namna watu tunavyozigawa hela kichwani kama ziko kwenye mafungu tofauti wakati hela ni hela. Fungu la kodi ya nyumba hatuligusi, fungu la "hela ya mkononi" tunalitafuna bila uchungu. Badala ya kupigana na hiyo tabia itumie. Hela yako ya akiba ikiwa haina fungu lake lenye jina itahesabika ni ya mkononi na italiwa.

Ninavyofanya mimi: hela ikiingia, kabla haijalipa chochote, asilimia fulani inaondoka kwenda akaunti nyingine ambayo kadi yake sina na kwenye simu sijaiunganisha. Ili niitoe lazima niende nikapange foleni, na kwa kweli mambo mengi ninayodhani ni ya dharura yanakufa kabla foleni haijafika. Wewe wa kipato cha kuokoteza usijiwekee kiasi maalum, utafeli wiki ya kwanza ile hola ikija, weka asilimia. Anza hata na 5, siku ya nyingi inakatwa nyingi, siku ya kidogo inakatwa kidogo, siku hamna hamna na hujavunja ahadi.

Na kabla ya hapo kuna kitu umekinyamazia, ngoja niulize moja kwa moja. Hapo kwenu kuna mkopo wowote? Hasa ile ya haraka haraka ya kwenye simu?

sisimizi

@FundiNyaya dah, king'amuzi chetu hakijawahi kuchomolewa tangu kinunuliwe. Hita ipo na mume wangu anaimbia bafuni nyimbo mbili tatu ndo anatoka.

@kalamu_na_daftari umenishika pabaya. Mkopo upo mdogo mdogo wa simu, nikikwama katikati ya mwezi nachukua, hela ikiingia narudisha, nachukua tena. Sio mkubwa lakini, riba yake asilimia 10 tu.

kalamu_na_daftari

Asilimia 10 *tu* kwa muda gani? Kama ni kwa mwezi basi weka kalkuleta hapo. Kwa mwaka ni asilimia 120. Ukikopa 100 ukaizungusha mwaka mzima unalipa riba ya 120 na ile 100 bado unadaiwa. Na kama hulipi riba ikawa inajumlishwa kwenye deni kila mwezi, baada ya miezi 12 ile 100 imekua 314. Wala usidanganyike na majina, wengine hawaiti riba wanaita ada ya huduma, makato, tozo ya kuchakata, we chukua utakachorudisha toa ulichopokea, hicho kilichozidi ndo riba, alafu angalia ni kwa siku ngapi. Za wiki mbili ndo mbaya zaidi maana asilimia 10 kwa wiki mbili kwa mwaka ni 260.

Hakuna benki duniani itakayokupa faida hiyo kwenye akiba. Kwahiyo kwa hali yako akiba ya kwanza ni kuua hilo deni, unakua umejipa faida ya asilimia 10 kwa mwezi papohapo. Sisemi usiweke akiba kabisa mpaka liishe, weka kidogo sana ya dharura ili ukikwama usirudi kwenye simu, kilichobaki chote kielekee kwenye deni. Huko kukwama katikati ya mwezi ndo tundu lako, huwezi kujaza pipa lililotoboka kwa kuongeza vikombe vya dawa ya meno.

mpitaji

"Vikombe vya dawa ya meno" nimekufa 😂

kijana_wa_kesho

Mi naona mnazunguka tu wakuu. Huwezi kuwa tajiri kwa kuchomoa king'amuzi. Suluhisho ni kuongeza kipato basi, muda anaotumia kukomba tyubu angetafuta dili.

shangazi_K

Mwanangu kijana_wa_kesho hakuna aliyesema anataka utajiri, dada wa watu anataka mwisho wa mwezi kibaki kitu. Na hicho kipato ukikiongeza kitaingia kwenye pochi ileile iliyotoboka. Nimewaona wengi waliopandishwa cheo wakapandisha na matumizi, nyumba kubwa zaidi, simu kubwa zaidi, na madeni makubwa zaidi, wakati wa shida wanakopa kwa sisi wadogo wao wa cheo. Tena hela ya kuongeza ina gharama zake, inakatwa kodi, ina nauli ya kuifuata, ina nguo ya kuivalia. Ambayo haikutoka mfukoni haikatwi chochote. Afanye vyote viwili akiweza, ila cha leo leo ni hiki.

Sasa mwanangu sisimizi hili la mume kukuita bahili usilichukulie juu juu, kwangu mimi ndo kubwa kuliko hita. Nyumba haibani mtu mmoja. Wewe unazima yeye anawasha, wewe unatembea yeye anaagiza, mwisho wewe unaonekana askari na yeye mfungwa, na mfungwa siku zote anatafuta pa kutorokea. Mkae chini siku ambayo hamna ugomvi na hela haijaisha. Usianze na makosa yake. Anza na kitu mnachokitaka wote wawili, kiwe na jina na kiwe na tarehe, iwe kuhamia sehemu nzuri, iwe ada ya watoto kulipwa mapema bila kukimbizana. Alafu fungueni makaratasi yote, yako na yake, mikopo yako hiyo ya simu mwambie, usimfiche, maana naona kama hajui.

Na kuna kitu kimoja kimetusaidia sisi miaka na miaka, kila mmoja ana hela yake ndogo ya mwezi ambayo haulizwi. Haulizwi kabisa. Akinunua upuuzi ni upuuzi wake. Hio ndo inafanya mtu asijione amefungwa na zile nyingine aziheshimu. Wewe nawe chukua yako, kanywe kinywaji chako cha baridi, ukijinyima kila kitu siku ukivunjika unavunjika vibaya.

Nikirudi kwenye nguo, kutonunua kabisa sio kubana. Kiatu cha bei ya chini kinachokufa baada ya miezi minne na cha bei mara mbili kinachokaa miaka mitatu ambacho fundi anaweza kukibadilisha soli, kipi rahisi? Gawanya bei kwa miezi utakayovaa. Mitumba nayo usiidharau, geuza nguo uangalie mishono ndani, vuta kidogo, angalia kwapani na kwenye pindo, kama mshono umekaza na kitambaa hakijachoka hiyo nguo ina maisha kuliko mpya nyingi. Na ufuaji unaua nguo kuliko uvaaji, sio kila ulichovaa masaa mawili lazima kiloekwe.

mzee_wa_stoo

Naona mmesahau manunuzi ya ndani ambako kwa nyumba nyingi ndo fungu kubwa baada ya kodi ya nyumba.

Mi nilifanya kazi ya kupokea mizigo stoo muda mrefu kwahiyo macho yangu yanaangalia gramu kabla ya bei. Dada ukifika dukani usiulize paketi bei gani, gawanya bei kwa uzito. Utashangaa. Vipaketi vidogo vya siku moja ndo ghali kuliko vyote, na ndo anavyonunua mtu asie na hela, yani mwenye kidogo analipia zaidi kwa kila gramu. Ila pia usijiaminishe kwamba kubwa ni rahisi siku zote, maduka wanajua tunaamini hivyo, kuna saizi ya kati inakua rahisi kuliko kubwa, lazima ugawanye. Na angalia paketi uliyoizoea kama gramu ni zilezile, siku hizi bei inabaki palepale, rangi ileile, ndani wamepunguza.

"Ofa" ya nunua viwili kwa kitu ambacho ulikua hununui hata kimoja sio kuokoa, hapo umetumia.

sisimizi

Mzee wangu @mzee_wa_stoo shikamoo, hapo kwenye vipaketi ndo mimi haswa. Nanunua vya siku kwasababu hela yangu inakuja ya siku. Hio ya kununua kikubwa naijua ni nafuu ila ya kuanzia natoa wapi? Na nikinunua kikubwa hapa kwangu kinaisha kwa kasi ileile, watu wakiona kingi wanamwaga.

Shangazi asante, nimesoma mara mbili. Mikopo hajui kweli.

mzee_wa_stoo

Marahaba mwanangu. Usinunue kila kitu kwa jumla, hutaweza, anza na kitu kimoja tu. Chagua ambacho hakiozi, hakina panya, na mnakitumia kila siku. Mimi nasema sabuni. Siku hela imekuja nzuri kidogo nunua ya kutosha mwezi badala ya kipande. Mwezi unaofuata ile hela ya vipande vya kila siku hukuitumia, hiyo ndo mtaji wa kununua kitu cha pili kwa jumla. Cha pili kinazaa cha tatu. Inachukua muda, lakini hukopi kwa mtu.

Sabuni ya mche ukiinunua mpya kata vipande, vipange vimeachana sehemu kavu yenye hewa wiki kadhaa. Maji yanatoka ndani yake, inakua ngumu, na sabuni ngumu hailiki haraka ukiisugua. Na sehemu ya kuiweka iwe na matundu chini, sabuni inayolala kwenye maji inayeyuka bure usiku kucha wakati hamna anayeoga.

Hili la watu kumwaga wakiona kingi ni kweli kabisa, stoo tulikua tunaliona kwa watu wazima wenye elimu zao. Dawa yake ni kwamba kikubwa kisionekane. Kifungie, toa kwenye kichupa kidogo cha wiki, kikiisha kabla ya wiki watu wanasubiri. Sabuni ya unga weka na kifuniko cha kupimia maana wengi tunamwaga kwa macho, povu likijaa tunafurahi, povu halifui, unaongeza tu maji ya kusuuza.

Na vyakula, cha zamani kivutwe mbele kipya kiende nyuma. Chakula kinachotupwa ndo hela iliyopotea kuliko zote maana umeinunua, umeibeba, umeipikia moto, alafu umeimwaga.

moto_mdogo

Kwa wanaopikia gesi nidokeze kitu ambacho sijui kwanini hatufundishwi. Maji yakishachemka yamechemka, ni nyuzi 100 hapo (ukiwa milimani inapungua kidogo), ukiongeza moto hayapandi juu ya hapo, yanageuka mvuke tu haraka. Chakula hakiivi haraka kwasababu umefungulia gesi fulu, kinakaukiwa haraka. Kwahiyo likishatokota shusha moto mpaka liwe linachemka kidogokidogo, funika. Sufuria ya presha inawahi kwasababu inabana mvuke mpaka joto linafika kama nyuzi 120 hivi, hapo ndo unaona tofauti ya kweli kwa vitu vigumu. Huna presha, loweka mikunde usiku kucha, maji ya kulowekea mwaga, muda wa kupika unapungua sana.

Ukitaka kwenda mbali zaidi chemsha vizuri, ikiwa bado inatokota ifunge na blanketi zito kwenye boksi au kapu, iache imalizikie humo bila moto. Sharti usifungue fungue, na ukitoa ipashe mpaka ichemke tena, maana chakula kikikaa muda mrefu chini ya nyuzi 60 bakteria wanaanza kuzaliana humo, hospitali ni ghali kuliko gesi. Maharage mekundu yenyewe lazima yachemke sanasana kwanza kabla hujayafunga, yana sumu ambayo joto la chini haliiondoi.

Na moto usizidi kitako cha sufuria. Ule unaopanda pembeni unapasha hewa ya jikoni bure.

FundiNyaya

Nimerudi. Shangazi na mzee wameua, mi namalizia friji na maji.

Friji: mambo yanayoiua ni raba ya mlango iliyolegea, vumbi kwenye zile koili za nyuma, na kubanwa ukutani haipumui. Ndani inatosha nyuzi 4, sio lazima chupa zigande. Kama frizi imejenga barafu nene iyeyushe, ila usichokoe na kisu, nimeshaona gesi yote inatoka siku moja kwa kisu cha jikoni na bili ya kujaza inameza akiba yote ya mwaka.

Maji: bomba linalodondosha tone moja kila sekunde kwa mwaka linamwaga maelfu ya lita, na wosha (kile kiraba cha ndani ya bomba) ya kubadilisha ni kitu kidogo kuliko vyote dukani. Choo cha kuflashi weka rangi ya chakula kwenye tenki la juu, kaa kama dakika 20 bila kuflashi, ukikuta rangi imeshuka kwenye bakuli maji yanavuja kimyakimya.

Na sehemu ya kutobana kabisa: nyaya, soketi, breki za gari, dawa ulizoandikiwa. Mtu anaunga waya kwa mkanda wa karatasi kuokoa hela ya nyaya nzuri, alafu nyumba nzima iko hatarini.

kijana_wa_kesho

Sawa nimewaelewa wakubwa. Ila swali la kweli, mtu anaepanga chumba na umeme unagawanywa sawa na wapangaji wengine, yeye akibana si anawabania wenzake?

kalamu_na_daftari

Hapo ndo umeuliza la maana mkuu. Bili ikigawanywa sawa kwa vyumba vitano ukiokoa uniti 10 wewe unaona 2 tu, nane zimeenda kwa wengine, na yule mwenye hita anajua hilo ndo maana haoni uchungu. Msibishane nani kawasha nini, nunueni mita ndogo za ndani kila chumba, za kuhesabu tu, mchango wenu mara moja. Mita ikishakua na namba ubishi unaisha na hita zinapumzika zenyewe.

sisimizi

Jamani asanteni, nimeandika yote. King'amuzi nimeshakichomoa na hamna aliyegundua. Deni la simu naanza nalo, na jumamosi nakaa na mwenzangu kama shangazi alivyosema, nikipona nitaleta mrejesho. Sabuni nimeshaikata.

Fundi swali la mwisho, hio raba ya friji najuaje kama imelegea? Kwa macho naona iko sawa tu.

FundiNyaya

Kwa macho hutaiona. Chukua karatasi, hata risiti, ibane na mlango ufunge, alafu ivute. Ikitoka kwa shida raba nzima, ikiteleza hapo inavuja. Rudia pande zote nne, kona ya chini upande wa bawaba usiisahau. Ukikuta imelegea usikimbilie kununua mpya, zima friji kwanza, isafishe na maji ya vuguvugu na sabuni ule uchafu wa kwenye mikunjo utoke, alafu ipulizie drai ya nywele kwa mbali ilainike uivute irudi shepu yake. Mara nyingi inarudi. Isiporudi ndo uje na namba ya modeli iliyoandikwa ndani ya mlango, bila hiyo namba watakuuzia isiyoingia.